Mhudumu akiiacha kampuni abaki na mgonjwa

Katika nyumba nyingi za Nairobi zenye mgonjwa wa kiharusi, mazungumzo ya kumwajiri mhudumu moja kwa moja, bila kampuni iliyomleta, huanza miezi michache tu baada ya yeye kuletwa. Familia inajua inailipa kampuni kiasi gani, mhudumu anajua anapata kiasi gani, na pengo liko wazi. Akihama, kampuni humwita mwizi wa wateja.

Kampuni ina hoja. Ndiyo iliyomtafuta na kukagua cheti chake cha tabia njema, na akiugua usiku ndiyo hutuma mwingine asubuhi. Kifungu cha mkataba kinachomzuia kumfanyia kazi mteja si batili kwa sababu tu kinazuia. Sheria ya Kenya inaiachia Mahakama Kuu ipime kama muda na eneo lake ni vya haki. Miezi sita kwa mteja yuleyule inaweza kutetewa. Kumfungia kazi ya uhudumu Nairobi nzima ni uonevu.

Lakini mgonjwa si mali ya kampuni. Mhudumu aliyemzoea anajua uji uwe mzito kiasi gani asipaliwe. Humgeuza kila saa mbili, na huweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kidonda kinachoanza hauonekani upesi. Mkono unaoijua ngozi hiyo ndio huhisi joto na ugumu mapema. Kampuni inayobadilisha wahudumu kila mara huupoteza ujuzi huu, na anayeumia ni mgonjwa.

Tatizo ni hesabu. Tuseme familia inailipa kampuni shilingi 45,000 kwa mwezi, naye mhudumu anapata 28,000 kabla ya makato. Familia na mhudumu wanakubaliana 36,000. Mwajiri anaongeza asilimia 6 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 2,160, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba za gharama nafuu, yaani 540. Jumla 38,700. Familia imeokoa 6,300. Sasa mtafute wa kushika zamu siku moja kila wiki, kwa 1,500: hiyo ni 6,000. Zimebaki 300, na bima ya kuumia kazini, ambayo sheria ya fidia ya kuumia kazini (WIBA) ya 2007 inamdai mwajiri, haijalipwa. Kwa hiyo familia inayodai imeokoa maelfu imeyatoa mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye siku ya mapumziko ya mhudumu, au kwenye mgongo wake anapomwinua mgonjwa peke yake.

Nyongeza ya 8,000 ni haki yake, mradi atoe notisi kwa barua kulingana na mkataba, asihame kimyakimya wikendi. Mkataba mpya uandikwe kabla hajaanza: siku ya mapumziko kila wiki, likizo ya siku 21 kwa mwaka, SHIF (mchango wa bima ya afya ya jamii) ya asilimia 2.75 na NSSF kulipwa kufikia tarehe 9, na jina la atakayeshika zamu. Huyo wa zamu aje siku mbili kabla ya zamu yake ya kwanza, amgeuze mgonjwa huku mhudumu wa kawaida akiwapo.