Nyumba nyeusi ya Arnol: moshi ulikuwa ugonjwa au ulikuwa sehemu ya paa?

Kule Uskoti kwenye kisiwa cha Lewis kuna kijiji kinaitwa Arnol, na nyumba namba 42 ya hapo watu wameishi mpaka 1966, leo iko chini ya Historic Environment Scotland, shirika la umma linalotunza majengo ya kale ya Uskoti. Ni nyumba ya wakulima, wenyewe wanaiita taigh-dubh, yaani nyumba nyeusi. Ukiingia hakuna dohani, moto uko katikati ya sakafu, unawaka peti (ule udongo mweusi wa kinamasi unakatwa kama matofali halafu unaanikwa), na moshi unajipandia taratibu unajichuja wenyewe kwenye nyasi za paa. Zizi na ghala havijakaa mbali uani, vimegandana na nyumba.

Sasa ubishi wa nyumba za aina hii ni wa zamani. Mabwana afya hawakuzipenda kabisa, binadamu na ng'ombe chini ya paa moja, wakawa wanataka angalau ukuta uwatenganishe. Na mi siwabezi, maana kifua kikuu kiliitesa sana Lewis, na hebu fikiria kadirisha kadogo, moshi kutwa kucha, na anayekaa na chungu pale motoni ndo anauvuta kuliko wote.

Ila angalia ilivyojengwa bana. Kuta ni mbili za mawe matupu, hamna saruji, katikati wamejaza udongo, unene unapita mita 1. Paa halina upenu, limekalia ukuta wa ndani, kwahiyo juu ya ukuta inabaki kama baraza inayoota majani, mara ya kwanza kuona picha nikajua fundi kakosea vipimo. Kumbe upepo wa Atlantiki ukikuta upenu unaubinua, basi wao hawakuupa pa kushika, na nyasi wamezifunga kwa kamba zinazoning'inia mawe. Mvua ya paani inashukia kwenye ule udongo katikati ya kuta, udongo ukilowa unaziba nyufa upepo usipite. Pembe za nje za nyumba ni za mviringo, sababu ni ileile, upepo. Miti hamna, kwahiyo mbao za paa nyingi ziliokotwa ufukweni.

Halafu kuna moshi wenyewe. Unakausha nyasi, unafukuza wadudu, masizi yanaganda humo, na nyasi zikichakaa zinashushwa zinapelekwa shamba kama mbolea. Aliyekulia nyumba ya nyasi yenye jiko ndani hahitaji kuelezwa hili. Weka dohani, moshi utoke nje, paa linaanza kuoza. Ondoa ng'ombe, joto limepungua. Ndo maana nyumba nyeupe zilizofuata, zenye kuta nyembamba na dohani kila upande, kuna waliolalamika zina baridi na unyevu.

Kwangu mabwana afya walikuwa sahihi kwenye mapafu, walichokosea ni kuihesabu kama nyumba tu wakati zizi, jiko, paa na shamba ni mtambo mmoja. Ila hata sisi tunaoisifia tuna tatizo letu. Leo moto wa peti bado unawashwa, lakini zizi limefagiwa, ng'ombe hawapo, mgeni anakaa dakika 20 anatoka nguo zinanuka moshi, anaenda kulala hotelini penye hita.