Quantum of Solace: Dola Milioni 200 Zilikwenda Wapi?

Jamani, Casino Royale, filamu ya James Bond ya 2006, ilituacha roho juu. Vesper, mpenzi wake Bond, amezama Venice, Bond ana kidonda moyoni, na sisi tunasubiri kwa hamu. Ndio tukaletewa mwendelezo huu, Quantum of Solace, mwaka 2008?

Hata hujakaa vizuri kwenye kiti, magari yanafukuzana Italia na picha zinakatwa-katwa mpaka macho yanauma! Tairi, usukani, uso, risasi, tairi tena. Gari lipi ni la Bond? Nani kampiga nani? Ukipepesa jicho umepitwa. Kwani aliyehariri alikuwa anakimbizwa na simba?

Najua, waandishi wa Hollywood waligoma mwishoni mwa 2007, skripti ikabaki haijaiva. Sasa si mngesubiri? Haraka ya nini?

Na adui je? Greene anataka kuhodhi maji ya Bolivia. Wazo zuri kabisa, maji ni uhai, lingetutisha kweli! Lakini mtu mwenyewe hatishi hata mtoto. Mwishoni anashika shoka, anapiga mayowe, anajikata mguu wake mwenyewe. Huyo ndiye wa kupambana na Bond?

Kilichonichoma zaidi ni Mathis, rafiki wa Bond. Anafia mikononi mwa Bond, halafu Bond anamtupa kwenye pipa la taka! Wenzangu mlioiona, hapo mlivumiliaje?

Halafu kuna kile kipande cha opera kule Austria: kimetulia, kina akili, kinasisimua. Kumbe walikuwa wanaweza! Ndiyo maana hasira zangu haziishi.