Askari wa makaratasi naye anastahili nishani?

Nakuru tuna chuo cha Lanet, ambako makadeti wa nchi kavu, wa anga na wa majini huanzia pamoja. Hata hivyo, ukitaja nishani ya jeshi, watu huwaza mapigano tu. Afisa aliyerudi Somalia na kovu hana mjadala. Aliyekaa ofisini kuamua nani apande cheo na familia za askari ziishi vipi, huyo ni askari wa makaratasi, na kumtunuku huonekana ni wakubwa kupongezana.

Basi tumtazame Admirali Elmo Zumwalt, mkuu wa wanamaji wa Marekani kuanzia 1970 hadi 1974. Vita alivijua, maana alitoka kuwaongoza wanamaji Vietnam. Lakini anakumbukwa zaidi kwa nyaraka zake 121 kuhusu maisha ya mabaharia.

Waraka wa 66, wa Desemba 1970, ndio unaonishika. Zumwalt alikuwa amekaa na maafisa na mabaharia weusi pamoja na wake zao, kisha akaandika waziwazi kwamba alidhani ubaguzi ni tatizo dogo jeshini, na alikosea. (Mkuu gani wa jeshi huandika hivyo?) Akaagiza kila kamanda awe na msaidizi wa masuala ya walio wachache, anayemfikia moja kwa moja. Akaagiza pia maduka ya jeshi yauze vipodozi vya watu weusi, na wapatikane vinyozi wanaozijua nywele zao.

Kinyozi! Wapo watakaocheka. Lakini baharia aliyeaminiwa na mitambo ya manowari, kisha hakuna melini anayeweza kumnyoa, hukumbushwa kila mara kwamba hakutarajiwa pale. Jambo hilo halionekani kwenye ramani ya vita. Lilitaka mkubwa akae chini asikilize wake za mabaharia.

Wapinzani wake walikuwa na hoja. Nyaraka ziliwafikia vijana moja kwa moja, na sajini anayeambiwa kanuni mpya na kuruta wake hubaki na sauti ndogo. Oktoba 1972 mabaharia weusi na weupe walipigana ndani ya Kitty Hawk, meli ya kubeba ndege za kivita, na kamati ya bunge ikalaumu ulegevu. Zumwalt akawaambia maadmirali wake kwamba kosa ni la waliopuuza maagizo. Naona alikuwa karibu zaidi na ukweli: meli ilikuwa imechoka na vita, na waraka wa miaka miwili haufuti chuki ya vizazi.

Mwaka 1998 Rais Clinton alimpa Nishani ya Uhuru, ambayo ni ya kiraia.

Kwetu, Meja Jenerali Fatuma Ahmed alipokabidhiwa Jeshi la Wanahewa mwaka 2024, tulimshangilia, na ni haki yake. Ila hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 wanawake jeshini walikuwa na kikosi chao cha pekee. Walioandika kanuni za kuwaingiza katika vikosi vingine, nani hapa Nakuru anaweza kuwataja kwa majina?