Nishani zote kazipata kwa machela

Watu wakisikia askari wa Uingereza ana nishani kibao za ushujaa kifuani, swali la kwanza huwa "aliua wangapi?" Mi swali hilo linanichosha, na nikiulizwa huwa namtaja William Coltman.

Jamaa alizaliwa 1891 Rangemore, Staffordshire, kazi yake mtunza bustani, mfupi tu, jumapili anafundisha watoto dini. Januari 1915, vita ya kwanza ya dunia, akajiunga na jeshi, akapelekwa kwenye kikosi cha North Staffordshire, wale askari wa miguu, watu wa mahandaki na matope. Huko imani yake ikamkatalia kuua mtu, bunduki akaiweka pembeni akawa mbeba machela. Sasa usidhani alikwepa kazi! Mwenye bunduki akizidiwa analala chini anajibu, huyu wa machela anatakiwa ainuke muda uleule ambao wenzie wote wameinamisha vichwa, amfate mtu anayelia huko kwenye waya za miiba, na akishampata ndo kabisa, mikono yote imejaa.

Mwanzoni mwa 1917 kamtoa ofisa aliyejeruhiwa katikati ya mistari ya majeshi mawili, kapewa Military Medal, nishani ya ushujaa. Mwaka huohuo kapewa tena hiyohiyo mara ya pili, na Distinguished Conduct Medal juu yake, hiyo ni kubwa zaidi, Septemba 1918 akaipata tena na hiyo. Halafu tarehe 3 na 4 Oktoba 1918, kilima cha Mannequin kule Ufaransa, kikosi kimerudi nyuma yeye anasikia kuna majeruhi wameachwa, akaenda peke yake risasi zinalia, akawafunga vidonda, akawabeba mgongoni mmoja mmoja, mara tatu anakwenda na kurudi, na saa 48 hakupumzika. Vita vilikuwa vimebakiza wiki tano na ushee kuisha. Hapo ndo akapewa Victoria Cross, nishani ya ushujaa kubwa kuliko zote Uingereza.

Yaani katika jeshi zima la Uingereza vita vile, kwa wasio maofisa hakuna aliyempita kwa nishani. Na hilo neno "wasio maofisa" lina mambo yake, maana Military Medal ilikuwa ya vyeo vya chini, ofisa akifanya kitu kilekile anapewa Military Cross, eti ushujaa nao una madaraja kama behewa za treni. Wamekuja kulifuta hilo 1993! Victoria Cross peke yake ndo tangu 1856 haikuuliza cheo cha mtu.

Mei 1919 mfalme George wa Tano akamvisha. Kwao, mji wa Burton, walitaka kumpokea kwa shangwe, akawakwepa kimyakimya akaenda zake nyumbani, akarudi kwenye maua, bustani za mji, na huko ndo alikofanya kazi mpaka kustaafu 1963.