Tuliomba Namba Tisa, Tukaletewa Kipa wa Tatu

Jamani, tangu Oktoba tulikuwa tunaomba nini? Namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati wa kufunga mabao. Hatukuomba winga, hatukuomba kinda mwenye kesho nzuri, wala hatukuomba kipa wa kukaa nyuma ya kipa anayekaa nyuma ya kipa. Timu yetu inamwaga krosi mechi nzima, na ndani ya boksi hakuna wetu hata mmoja. Beki wa wapinzani anaruka peke yake, anapiga kichwa kwa raha zake, na bado anapata muda wa kutengeneza nywele. Dirisha dogo la usajili linafunguliwa Januari 1, klabu inaweka video yenye moshi na ngoma, tunakaa mkao wa kula, kumbe ni kocha wa makipa kaongezewa mkataba.

Ukiuliza unaambiwa soko la Januari ni gumu. Ni kweli ni gumu, na kinachoudhi ni kwamba hata sababu tunaijua. Anayeuza naye yuko katikati ya msimu. Akikupa mshambuliaji wake leo, anabaki na wiki chache za kutafuta mwingine, kwa hiyo anakutajia bei ya kukukatisha tamaa. Wanaopatikana kirahisi ni walewale kila mwaka: aliyegombana na kocha, anayeuguza goti, aliyebakiza miezi sita kwenye mkataba, na yule ambaye klabu yake imeshagundua kwamba ni garasa, inatafuta wa kumwangushia. Huyo wa nne ndiye riziki yetu. Wa tatu hatumpati kwa sababu kuanzia Januari 1 sheria inamruhusu kusaini na klabu ya nchi nyingine na kuhamia huko bure mkataba ukiisha. Bosi wetu anasema tusubiri Julai tumpate kwa bei ya sifuri. Julai ikifika, keshavaa jezi ya watu.

Halafu kuna hili la AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ambalo sijui klabu za Ulaya zitaacha lini kulishangaa. Ile ya Côte d'Ivoire ilianza Januari 13, 2024 na kuisha Februari 11. Ile ya Morocco ilianza Desemba 21, 2025 na kuisha Januari 18. Tarehe zinatangazwa mapema, kila mwenye kalenda anaziona, na klabu imejaza Waafrika watatu kwenye safu ya ushambuliaji. Wakishaondoka, kocha anakaa mbele ya waandishi na uso wa msiba: "Tumepungukiwa mbele." Mzee, ulitaka aende nani, wewe?

Ukitaka kuona unyama wa Januari ulivyo, tazama Burnley mwaka 2022. Newcastle, waliokuwa wamepata matajiri wapya Oktoba 2021, walikuwa mkiani wakihangaika kutoshuka daraja. Burnley nao walikuwa hukohuko. Mkataba wa mshambuliaji Chris Wood pale Burnley ulikuwa na kipengele cha kumwachia kwa pauni milioni 25. Kipengele cha namna hiyo hakina majadiliano: pesa ikiwekwa mezani, klabu inabaki kufungua mlango tu. Newcastle wakaweka. Wood akafunga mabao mawili tu ya ligi mpaka msimu unaisha, lakini nusu ya faida ilikuwa kumwondoa kwa mpinzani wa palepale chini. Burnley wakakimbilia Wolfsburg kumleta Wout Weghorst kwa kama milioni 12, naye akafunga mawili katika mechi 20 za ligi. Burnley wakashuka, Newcastle wakamaliza nafasi ya 11. Ungedhani Weghorst basi. Januari ya mwaka uliofuata Manchester United wakamchukua kwa mkopo. Mechi 17 za Ligi Kuu, bao hata la kusingiziwa hakuna. Alikimbia sana, hilo tumpe. Alikaba mpaka mabeki wakamhurumia. Lakini mtu ameomba wa kufunga, wewe unamletea wa kukimbia!

Bei nazo ni kichekesho. Januari 31, 2011, Chelsea walitoa milioni 50 kwa mshambuliaji wa Liverpool, Fernando Torres. Liverpool hawakulala na zile pesa hata usiku mmoja: siku hiyohiyo wakawapa Newcastle milioni 35 kwa Andy Carroll, ambaye wakati anasaini alikuwa majeruhi. Mashabiki wa Liverpool wakachoma jezi za Torres kwa uchungu, kumbe wangetulia tu. Torres msimu ule alifunga bao moja la ligi akiwa Chelsea, nalo likapatikana Aprili. Carroll mpaka anaondoka alikuwa na mabao sita ya ligi. Na sasa sikiliza: siku ileile, kwa chini ya nusu ya pesa ya Torres, Liverpool walikamilisha usajili wa Luis Suárez kutoka Ajax. Klabu moja, siku moja, ofisi moja, ikaokota almasi na kununua kokoto, na kokoto ndiyo iliyolipiwa zaidi. Kwa hiyo mtu asituambie eti wana wataalamu wa takwimu.

Ingawa na sisi mashabiki tuna yetu. Beki Patrice Evra alifika Manchester United Januari 2006, mechi ya kwanza ni dhidi ya Manchester City, United wakalala 3-1, Evra akatolewa mapumziko. Nemanja Vidić alifika mwezi uleule, naye akawa na mwanzo wa kusuasua. Tungekuwa na mitandao ya leo, wale wawili wangerudishwa uwanja wa ndege kabla ya Februari. Kwetu shabiki ukimpa dakika 45 anatoa hukumu ya maisha, na hakuna rufaa.

Siku hizi hata kulalamika kunataka uhasibu. Zamani uliuliza tu: pesa ipo au haipo? Sasa unaambiwa ipo ila haitumiki. Kanuni ya Ligi Kuu ya England ambayo klabu ziliishi nayo hadi msimu wa 2025/26 ilikataza hasara kupita milioni 105 kwa miaka mitatu, na kuna watu wameadhibiwa kweli. Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa hadi 6 baada ya rufaa, na Nottingham Forest wakakatwa 4 msimu huohuo. Ukimnunua mchezaji kwa milioni 50 na kumpa mkataba wa miaka mitano, vitabu vinaandika milioni 10 kila mwaka. Hapo ndipo Chelsea walipoona mwanya Januari 2023: Enzo Fernández, karibu milioni 107, mkataba wa miaka minane na nusu. Gawanya mwenyewe, inatoka kama milioni 12 na nusu kwa mwaka. Kwa miaka mitano ingekuwa zaidi ya 21. Mykhailo Mudryk, aliyesajiliwa mwezi huohuo, naye akapewa urefu uleule wa mkataba. Wakamaliza ligi nafasi ya 12, na UEFA wakafunga mlango: mkataba uwe mrefu utakavyo, hesabu ya ada inagawanywa kwa miaka mitano mwisho. Ligi Kuu nayo ikafuata. Januari hiyo klabu za ligi nzima zilimwaga milioni 815. Januari iliyofuata, kama milioni 100. Ndiyo ule mwezi tulioangalia simu mpaka vidole vikaota sugu, tukaambulia mikopo ya makinda.

Na kanuni hizohizo ndizo zinazotuuzia watoto wetu. Kijana aliyelelewa akademi hakununuliwa, kwa hiyo kwenye vitabu thamani yake ni sifuri. Ukimuuza milioni 20, zote 20 ni faida ya mwaka huu. Ukimnunua mgeni wa milioni 20 kwa miaka mitano, mwaka huu anakula nne tu, mshahara weka pembeni. Maana yake mtoto mmoja wa nyumbani, anayejua wimbo wa klabu tangu chekechea, kwa hesabu za vitabu anazaa wageni watano. Ndiyo maana kila Januari yule tunayempenda ndiye wa kwanza kutajwa kwenye tetesi, na yule wa miaka 33 mwenye mshahara mnono hatajwi hata na mama yake.

Hapa sisi Waswahili tuna kidonda chetu maalumu. Januari 1, 2020, Aston Villa walimpoteza mshambuliaji wao Wesley kwa jeraha la goti dhidi ya Burnley. Tarehe 20 wakamtangaza Mbwana Samatta kutoka Genk, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Watu waliokuwa hawajui Villa wanavaa rangi gani, kufikia jioni walikuwa wanajadili udhaifu wa beki yao ya kushoto. Mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, akafunga. Villa wakafungwa 2-1. Machi 1 yupo Wembley, fainali ya Kombe la Carabao dhidi ya Manchester City, akafunga kwa kichwa. Villa wakafungwa 2-1. Kisha korona ikasimamisha ligi. Ligi iliporudi mabao hayakurudi, Villa wakanusurika kushuka kwa pointi moja, na Septemba kijana yuko Fenerbahçe. Miezi minane! Hata hatujamaliza kuzoea kukaa chini ya msimamo, tukaachwa na jezi za Villa na ugomvi wa kikundi cha WhatsApp. Ukimsajili mtu Januari kwa sababu mwingine kaumia, ujue umemsajili kwa dharura, na dharura ikipita hakuna anayemkumbuka.

Mikopo sitaki hata kuanza, lakini nianze. Kuna mkopo mtupu, kuna mkopo wenye hiari ya kununua, na kuna mkopo wenye sharti la kununua. Huo wa tatu mara nyingi una masharti ndani ya sharti: akicheza mechi kadhaa, au timu isiposhuka, lazima anunuliwe. Kwa hiyo ukiona mchezaji anayewaka moto ghafla anawekwa benchi mwezi wa nne, usimlaani kocha. Kuna mtu ofisini anahesabu mechi. Na pale Ligi Kuu ya England, akikopwa kutoka klabu ya ligi ileile, hachezi dhidi ya wenye mali, yaani siku mnayomhitaji zaidi ndiyo siku yuko jukwaani na koti. Bingwa wa mikopo yote anabaki Kim Källström: Arsenal walimchukua siku ya mwisho ya Januari 2014, vipimo vikaonyesha ana tatizo la mgongo, wakasaini hivyohivyo kwa sababu muda wa kutafuta mwingine haukuwepo. Akacheza mechi nne.

Nayo hiyo siku ya mwisho ndiyo inayotumaliza presha. Watu wazima wenye familia wanafuatilia ndege binafsi kwenye Flightradar24, kila ndege inayotoka Lisbon ina namba tisa wetu ndani yake. Kumbe kutua kwa ndege ndiyo kwanza mambo yanaanza. Klabu zikubaliane ada na awamu za malipo. Wakala akubaliane na kamisheni yake, na huyo ndiye huchelewesha. Vipimo: moyo, magoti, nyonga, vifundo, picha za MRI. England kuna pointi za kibali cha kazi tangu wajitoe Umoja wa Ulaya. Halafu mfumo wa FIFA wa kuhakiki uhamisho, TMS, ambao ni kama kufuli la funguo mbili: klabu zote mbili zinaingiza taarifa, na zisipofanana, tarehe ya awamu moja tu ikipishana, mfumo unagoma. Ndipo kitoke cheti cha uhamisho wa kimataifa. Yote haya watu wanayaanza jioni ya mwisho, wakati walikuwa na mwezi mzima.

Dirisha la England likikaribia kufungwa, kuna karatasi ya kuombea muda: inapokelewa ndani ya saa mbili za mwisho, na inakupa saa mbili nyingine baada ya dirisha kufungwa kumalizia yaliyobaki. Lakini lazima dili liwe limeshakubaliwa. Haiombei muda wa kuanza kubembeleza. Peter Odemwingie mwaka 2013 aliendesha gari mwenyewe mpaka uwanja wa QPR, klabu yake West Brom haijakubali lolote, akageuza. Hakim Ziyech Januari 2023 alikuwa Paris, amekubaliana kila kitu na PSG, Chelsea wakatuma nyaraka zisizo sahihi mpaka muda ukakata. Rufaa ikatupwa, akarudi London kwenye benchi lilelile. Adrien Silva ndiye funga kazi: Agosti 2017 karatasi zake za kwenda Leicester zilichelewa sekunde 14, akakaa bila kucheza mpaka Januari. Sekunde 14! Hapo kuna mtu alisema "ngoja nimalizie chai".

Sasa tuseme mmefanikiwa, mmeshusha vifaa vinne, picha zimepigwa, skafu zimeinuliwa. Mnaingia mtoano wa Ulaya mwezi Februari mkitamba. UEFA wanawaambia: baada ya hatua ya ligi mnaruhusiwa kuingiza wapya watatu tu, tena ndani ya orodha ya watu 25 ambayo nafasi nane ni za waliolelewa nchini. Kocha anakuna kichwa, anaandika majina. Winga yumo. Kinda mwenye kesho nzuri yumo. Kipa wa tatu yumo, kwa sababu wa pili kateguka kidole mazoezini. Anayeachwa nje ni namba tisa.