Pittsburgh Penguins: kuwatunza wakongwe au kuijenga timu upya?

Msimu wa 2024/25 wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, uliiacha Pittsburgh Penguins nje ya mchujo, yaani mechi za mtoano za kuwania ubingwa, kwa mwaka wa tatu mfululizo. Timu iliyocheza mchujo kila mwaka kuanzia 2007 hadi 2022 ilimaliza na pointi 80 za msimamo, nyuma ya timu nyingi ambazo zamani ilikuwa ikizifunga bila jasho. Katika msimu huohuo nahodha wake, Sidney Crosby, aliyetimiza miaka 38 Agosti 2025, alijikusanyia pointi 91 (kwa mchezaji, pointi ni bao au pasi ya bao) katika mechi 80, akamaliza msimu wa 20 mfululizo akiwa na wastani usiopungua pointi moja kwa mechi. Hata Wayne Gretzky, gwiji wa mchezo huu, aliishia misimu 19. Sisi mashabiki tumegawanyika kwa sababu hiyo: wapo wanaosema mchezaji wa namna hii hastahili kumalizia maisha yake ya uchezaji katika timu iliyovunjwa, na wapo wanaosema hakuna mtu mmoja awezaye kuibeba timu iliyozeeka karibu yote.

Hoja ya kuwatunza wakongwe ina uzito kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Washambuliaji Rickard Rakell na Bryan Rust walifunga mabao 35 na 31, na wote wawili hawakuwa wamewahi kufunga mengi kiasi hicho katika msimu mmoja. Crosby alikubali mkataba mpya wa miaka miwili wa dola milioni 8.7 kwa mwaka, fedha kidogo kwa mchezaji wa kiwango chake, huku kikomo cha mishahara cha ligi, yaani jumla ambayo kila timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake, kikipanda kutoka dola milioni 88 hadi milioni 95.5. Zaidi ya hayo, mfano wa mafanikio hauko mbali. Washington Capitals walikosa mchujo mwaka 2023 wakiwa na mfungaji wao Alex Ovechkin aliyekwisha kuwa mkongwe, lakini hawakuivunja timu; waliwaleta Logan Thompson, Jakob Chychrun na Pierre-Luc Dubois, na msimu wa 2024/25 waliongoza kanda ya mashariki kwa pointi 111, katika msimu ambao Ovechkin, akiwa na miaka 39, aliivunja rekodi ya mabao ya Gretzky.

Hata hivyo, naona mfano huo unatumiwa bila kuangalia kilichokuwa chini yake. Washington walikuwa na vijana waliowateua wenyewe katika uteuzi wa kila mwaka, ambapo timu za ligi huchagua chipukizi kwa zamu, kama Connor McMichael, ambao walikuwa tayari kushika nafasi wakongwe walipopungua nguvu. Pittsburgh hawana akiba hiyo. Kuanzia 2015 hadi 2021 walimteua chipukizi mmoja tu katika duru ya kwanza, Samuel Poulin mwaka 2019, kwa kuwa machaguo mengine yote yalitolewa ili kupata msaada wa papo hapo. Silaumu yote yaliyofanyika. Chaguo la 2016 lilitoka ili Phil Kessel aje, na mshambuliaji huyo alisaidia kuleta Kombe la Stanley, taji la ligi, mwaka 2016 na tena 2017; bei hiyo ningeilipa hata leo. Ninalolilaumu ni uamuzi wa Agosti 2023, pale Kyle Dubas, mkuu mpya wa masuala ya hoki klabuni, alipomchukua beki Erik Karlsson, mwenye miaka 33 na mshahara unaokula dola milioni 10 za kikomo kila mwaka hadi 2027, na kwa ajili yake akalitoa chaguo la duru ya kwanza la 2024. Msimu uliofuata timu ilikuwa miongoni mwa zile dhaifu kabisa katika kucheza wapinzani wakiwa pungufu kwa sababu ya mchezaji aliyeadhibiwa, eneo lilelile ambalo Karlsson aliletwa kuliimarisha, na mwezi Machi 2024 mshambuliaji nyota Jake Guentzel akapelekwa Carolina. Mshika mbili moja humponyoka.

Wanaotaka timu ivunjwe kabisa wana historia ya klabu yenyewe upande wao. Pittsburgh walishika mkia mwaka 1984, wakapewa chaguo la kwanza na kumpata Mario Lemieux, gwiji wa klabu. Kisha kati ya 2003 na 2006 waliwateua Marc-André Fleury, Evgeni Malkin, Crosby na Jordan Staal, ambao wote wanne walikuwamo katika timu iliyotwaa kombe mwaka 2009. Lakini kanuni za sasa si za 1984. Chaguo la kwanza sasa huamuliwa kwa bahati nasibu, na timu inayoshika mkia ina takriban robo tu ya nafasi ya kulipata, na kushindwa kwa makusudi ni mazoea yasiyoondoka kirahisi. Hadi mwisho wa msimu wa 2024/25 Buffalo Sabres walikuwa hawajacheza mchujo tangu 2011. Detroit Red Wings, waliocheza mchujo miaka 25 mfululizo, nao hadi wakati huo walikuwa hawajarudi humo tangu 2016, ingawa waliteua vijana wazuri mwaka baada ya mwaka.

Mfano unaonigusa zaidi ni Chicago Blackhawks, mabingwa wa 2010, 2013 na 2015. Walimwachia nyota wao Patrick Kane aende New York Februari 2023, wakaachana na nahodha Jonathan Toews, na kwa bahati nasibu hiyo wakampata Connor Bedard, chipukizi aliyetamaniwa na ligi nzima. Shabiki wa Pittsburgh hawezi kusahau kwamba timu hiyo iliyovunjwa ndiyo iliyotufunga nyumbani Aprili 2023, tukiwa tunahitaji ushindi ili kuunusuru mfululizo wetu wa mchujo. Pamoja na bahati hiyo yote, Chicago walipata pointi 52 katika msimu wa kwanza wa Bedard na 61 katika wa pili. Kijana mwenye kipaji kikubwa amezungukwa na wachache mno wa kumsaidia na wachache mno wa kumfundisha, na hali hiyo nisingependa kuiona kwetu.

Kwa hiyo sikubaliani na kuivunja timu yote, wala sikubali iendelee kuwinda nafasi ya mwisho ya mchujo. Rust na Rakell watolewe sasa, wakati thamani yao iko juu na mikataba yao, inayofika 2028 kwa takriban dola milioni tano kila mmoja kwa mwaka, haimtishi mnunuzi yeyote. Naandika hivi kwa uchungu, hasa kuhusu Rust, ambaye klabu ilimlea tangu ujana na aliyetwaa nasi makombe mawili. Karlsson naye atolewe hata kama itabidi klabu iendelee kubeba sehemu ya mshahara wake. Mkataba wa Malkin unakwisha 2026, na heshima yake ni kuachwa aumalize. Beki mkongwe Kris Letang ni suala gumu zaidi: mkataba wake utamfikisha miaka 41, na sioni timu itakayouchukua.

Pingamizi kubwa dhidi ya mpango huu ni Crosby mwenyewe. Ana haki ya kukataa kuhamishwa, amesaini hadi 2027, na kumpunguzia wasaidizi katika miaka anayoweza kuwa anaimalizia hapa ni kumnyima nafasi ya kombe la nne. Pingamizi hilo nalichukua kwa uzito wote. Jibu langu ni kwamba akina Rust walikuwepo katika misimu yote mitatu iliyopita na bado mchujo haukufikiwa. Kinachopotea kwa kuwatoa ni pungufu kuliko tunavyohofia, na kinachopatikana ni vijana watakaojifunza kazi wakiwa karibu na mtu anayeifanya kuliko wote.

Dalili za kiangazi hiki cha 2025 zinanitia moyo. Mwezi Juni klabu iliteua vijana watatu katika duru ya kwanza, akiwemo Benjamin Kindel katika nafasi ya 11, na kocha mpya, Dan Muse, aliwahi kuiongoza timu ya Marekani ya chini ya miaka 18 hadi ubingwa wa dunia mwaka 2023. Oktoba nitaangalia jambo moja kabla ya matokeo: kama washambuliaji chipukizi Rutger McGroarty na Ville Koivunen watacheza kando ya Crosby na kupewa dakika za kucheza wapinzani wakiwa pungufu, au watakalishwa safu ya nne, inayocheza dakika chache, nyuma ya mkongwe mwingine aliyesajiliwa kwa mwaka mmoja.