Madeni Yangu Yamefichwa, na Aliyefichwa ni Mimi

Nina duka la rejareja, na kwa miaka mingi madeni ya wateja niliyaandika katika daftari lililokaa juu ya kaunta, mpaka nilipobaini kwamba kila anayekuja kununua kiberiti hulisoma kutoka upande wake, herufi zikiwa kichwa chini, kwa ufasaha kuliko ninavyolisoma mimi. Bibi mmoja aliwahi kunikumbusha kwamba shoga yake hajamaliza fedha ya unga, ilhali deni lake mwenyewe la mafuta, lililokuwa mstari wa chini yake, hakuliona. Ndipo nikayahamishia madeni kwenye kompyuta, katika vile vikaratasi vya njano vya Sticky Notes, nikiamini kwamba nimeyaficha. Kumbe kuficha nilikuwa bado sijakujua.

Juzi kompyuta ilianza kuchoka, feni yake ikinguruma kama mashine ya kusaga, nikanunua nyingine iliyokwisha kutumika. Mpwa wangu alinakili Documents, Pictures na kila kilichokuwa Desktop, akanikabidhi flashi na kusema, "Mjomba, vitu vyako vyote vimo humu." Niliwasha kompyuta mpya, nikafungua vikaratasi vyangu, nikakuta pametakata, hakuna deni hata la pipi. Sijui nani alizitoa habari hizo nje, kwa sababu jioni ileile mwalimu mstaafu wa mtaa wetu, ambaye kwa miezi 2 alikuwa akipita ng'ambo ya barabara kwa ajili ya kilo 10 za sukari, alikuja kunipa pole. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakusema kwamba mkopaji naye atahudhuria matanga hayo akiwa na uso wa furaha.

Bahati njema kompyuta ya zamani ilikuwa haijafutwa. Niliingia diski C, nikaingia Users, nikafungua folda yenye jina langu, nikakagua chumba kimoja baada ya kingine, hata Music, ambamo sijawahi kuweka wimbo. Hakuna. Nilipompigia fundi, alinijibu kwa upole, "Mzee, unayoitafuta inaitwa AppData, nayo iko hapohapo unapotazama, ila imefichwa." Nilimuuliza imefichwa na nani, ikiwa folda ina jina langu na umeme nalipa mimi. Akaeleza kwamba humo ndimo programu zinamoweka mipangilio na kumbukumbu za kila mtumiaji, na hufichwa ili asije mtu asiyejua akafuta kitu cha maana. Hakumtaja mtu huyo, lakini nilimtambua.

Alinielekeza nibofye View, kisha Show, kisha Hidden items, na papo hapo folda ikajitokeza, rangi yake imepauka kama kanga iliyosahauliwa kambani. Ndani yake mna folda 3. Ya kwanza, Local, ni ya vitu vinavyokaa katika kompyuta hiyohiyo. Ya pili, LocalLow, ni ya programu zinazoendeshwa kwa kiwango cha chini cha kuaminiwa, mfano wa mgeni anayeishia barazani. Ya tatu, Roaming, ni ya vitu vinavyoweza kumfuata mtumiaji anapohamia kompyuta nyingine, katika mitandao ya ofisi iliyopangwa hivyo. Nilikwenda moja kwa moja Roaming, kwa hoja kwamba mimi ndiye niliyehama. Fundi akacheka. Madeni yangu yalikuwa Local, miongoni mwa wasiosafiri.

Alinifundisha pia njia ya mkato: kushika kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kuandika %appdata%. Niliandika, nikatupwa Roaming kwa mara nyingine! Neno linasema AppData, mlango unafungukia chumba cha ndani. Anayetaka Local sharti aandike %localappdata%. Na kwa kuwa nilikwisha kuonja utamu wa kufichua, niliruhusu hata mafaili ya mfumo yaonekane, ikatokea folda nyingine iitwayo Application Data. Hilo ni jina la enzi za Windows XP, ambalo tangu Vista ya mwaka 2007 limebaki kama kibao cha kuzielekeza programu za zamani. Niliibofya, nikaambiwa sina ruhusa. Nimewahi kukataliwa kuingia mahali pengi, lakini si ndani ya folda yenye jina langu.

Siku ya pili fundi alikuja dukani mwenyewe, nadhani kwa kunihurumia. Ndani ya Local tukafungua Packages, tukapita majina marefu mpaka tukakuta moja linaloishia na 8wekyb3d8bbwe, ambalo mpaka leo sijamsikia mtu akilitamka, na humo, katika LocalState, likawemo faili linaloitwa plum.sqlite. Jasho langu lote limeitwa tunda! Pembeni yake kulikuwa na jingine linaloishia na wal, na nilitaka kuliacha, lakini fundi alinizuia mkono, akisema kwamba niliyoyaandika karibuni huenda yakawa bado yamo humo, na kwamba tufunge kwanza programu yenyewe kabla ya kunakili chochote. Tuliyachukua yote, tukayapeleka mahali palepale katika kompyuta mpya, nikafungua vikaratasi huku nikiwa nimeshikilia kaunta.

Yakaja yote, ya njano, likiwamo la sukari kilo 10. Kikaratasi cha juu kabisa, ambacho ndicho nilichokiandika mwisho, kilisomeka: "Fundi, kazi ya mwezi wa tatu, shilingi 15,000. Akiuliza, nimesafiri." Nilijaribu kukifunika kwa kiganja, lakini yeye alikuwa amekwisha kukisoma akiwa upande wa pili wa kaunta, kioo kikiwa kimemgeukia kwa ubavu. Alikohoa kidogo, akafungasha waya zake, akasema, "Mzee, hata hiki nacho kimehama salama."